Samaki Asiye na Jina Hahesabiwi: Rai kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Huenda ukashangaa kukuta makala ya samaki na tarakilishi katika jarida la chama cha Kiswahili, tena yakiandikwa na mtu aliyezaliwa na kulelewa baina ya Kericho na Bomet, ambako bahari huonekana tu kwenye ramani ya ukutani darasani. Hata mito yetu haituunganishi na Mombasa. Itare, Kipsonoi na ndugu zao huishia kuwa Sondu na kumwaga maji yao katika Ziwa Viktoria. Nyangores na Amala huungana kuwa Mara, nao Mara hupita Maasai Mara na Serengeti kabla ya kuingia ziwa lilo hilo upande wa Tanzania. Maji ya kwetu, yakibahatika, hufika hadi Misri ndipo yaonje chumvi. Sina basi dai lolote la kijiografia juu ya Bahari ya Hindi. Dai langu ni la lugha.

Wanasayansi wanaochunguza hifadhi za bahari hutumia programu maalumu za tarakilishi kupima bioanuwai, yaani wingi na mchanganyiko wa spishi mahali fulani. Sisi wa Kiswahili tumezoea kuamini kuwa hayo ni mambo ya watu wa maabara, nasi kazi yetu, tukiitwa, ni kutafuta istilahi za kutafsiri kazi yao baada ya wao kuimaliza. Naona tumekosea pakubwa. Programu hizo zimejengwa juu ya hesabu ambazo sehemu kubwa ilizaliwa katika uchunguzi wa herufi na maneno, na haziwezi kutoa jibu la kweli bila majina. Majina ya samaki wa pwani yetu ni ya Kiswahili. Nitajaribu kueleza, na mwenye kupinga ana nafasi yake katika toleo lijalo.

Dhana ya uanuwai niliielewa kwa kukosa kuiona. Simama juu ya kilima chochote karibu na mji wa Kericho utazame: kijani kibichi, kimekatwa sawasawa kama zulia, hadi macho yachoke. Huo ni mmea mmoja, Camellia sinensis, uliopandwa nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, ukaanza kulimwa kibiashara huku kwetu katika miaka ya 1920 zilipofika kampuni za Brooke Bond na James Finlay. Wala umoja wake hauishii kwenye spishi. Michai mingi siku hizi hukuzwa kwa vipandikizi, kwa hiyo ekari nyingi za aina iitwayo TRFK 6/8, iliyotokana na kazi ya watafiti wa chai wa hapa hapa Kericho, ni nakala za mchai mmoja. Sasa geuza shingo utazame mashariki, kwenye Msitu wa Mau Kusini Magharibi. Hapo babu zetu walihitaji majina mengi: tarakwet, tebeswet, simotwet, sinendet, na mengine ambayo kizazi changu kinayajua nusunusu. Katika miaka ya 1980 serikali ilianzisha ukanda wa chai kandokando ya misitu, Nyayo Tea Zones, uwe ua wa kuwazuia watu wasiingie kukata miti. Mmea mmoja ukapewa kazi ya kulinda mamia. Sijui nicheke au nilie.

Ukiipa mojawapo ya programu hizo shamba la chai, itakujibu kwa ufupi sana: sifuri. Hebu tuone inavyofikia jibu hilo.

Mtafiti wa baharini hushuka kwenye mwamba wa matumbawe, hutandaza utepe wa kupimia, kisha huogelea kando yake akiandika kwenye kibao cha plastiki kila samaki anayemwona pamoja na idadi yake. Jioni huiingiza orodha hiyo katika jedwali, safu za mlalo zikiwa mahali na safu za wima zikiwa spishi. Kutoka hapo kazi ni ya programu. Ipo PRIMER, iliyoanzia katika maabara ya bahari ya Plymouth, Uingereza. Ipo PAST, iliyotolewa bure na wanapaleontolojia mwaka 2001. Kuna EstimateS ya Robert Colwell, na kuna kifurushi kiitwacho vegan kinachofanya kazi ndani ya R, lugha ya programu iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ya karibuni zaidi ni MERMAID, iliyobuniwa na mashirika ya WCS na WWF pamoja na kampuni ya Sparkgeo mahususi kwa ajili ya miamba ya matumbawe. Majina ni mengi, ila zote huanza na jedwali lile lile la nani yuko wapi na ni wangapi.

Chukua vikapu viwili vyenye samaki mia mia. Kila kikapu kina spishi tano. Katika cha kwanza kila spishi ina samaki 20. Katika cha pili, samaki 96 ni wa spishi moja, na kila moja ya zile nne zilizosalia ina samaki mmoja tu. Anayehesabu spishi pekee atasema vikapu viko sawa, tano kwa tano. Lakini tia mkono bila kutazama. Katika kikapu cha kwanza hujui utatoa nini. Katika cha pili unajua takriban kwa hakika. Kipimo kiitwacho Shannon hupima mshangao huo: kikapu cha kwanza hupata 1.61, cha pili 0.22. Shamba la chai halikushangazi asilani, na ndiyo sababu ya ile sifuri.

Huyo Shannon ni nani? Claude Shannon alikuwa mhandisi na mwanahisabati wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell. Alipochapisha nadharia yake mwaka 1948 hakuwa akiwaza samaki hata kidogo. Alikuwa akiwaza ujumbe unaopita katika waya: herufi ikishapita, herufi ifuatayo inatabirika kwa kiasi gani? Mwaka 1951 alikijaribu kipimo chake kwa maandishi ya Kiingereza, akiwapa watu matini wakisie herufi inayofuata. Wanaikolojia walikuja baadaye, wakaona kwamba mwamba wa matumbawe unaweza kusomwa kama matini na kila samaki akawa herufi. Kipimo cha pili kinachotumiwa sana, cha Edward Simpson, kilichapishwa mwaka 1949. Simpson naye wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa miongoni mwa wavunjaji wa maandishi ya siri huko Bletchley Park, kazi ambayo ndani yake mtu hujiuliza: nikichukua herufi mbili kwa bahati, kuna uwezekano gani zifanane? Weka samaki badala ya herufi, umepata kipimo chake. Na kabla yao wote wawili, mwaka 1944, mtakwimu George Udny Yule alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya takwimu za msamiati wa kifasihi, akitafuta kwa hesabu za nomino ni nani aliyeandika kitabu kimoja cha ibada cha Kilatini ambacho utunzi wake ulikuwa ukibishaniwa. Kipimo alichokitunga kinakaribiana mno na kile cha Simpson.

Safari haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1943 Ronald Fisher na wenzake walitaka kujua, kutokana na vipepeo waliokwisha kukusanywa huko Malaya, ni spishi ngapi mpya zingepatikana kama ukusanyaji ungeendelea. Mwaka 1976 watakwimu Bradley Efron na Ronald Thisted waliichukua hesabu hiyo ya vipepeo wakaitumia kwa Shakespeare. Kazi zake zina maneno 884,647 kwa jumla, na ukiondoa marudio hubaki maneno tofauti 31,534. Kati ya hayo, 14,376 yanatokea mara moja tu na 4,343 yanatokea mara mbili. Kutokana na wingi wa yale yanayotokea mara moja walikadiria kuwa Shakespeare alijua angalau maneno 35,000 zaidi ambayo hakuyaandika popote. Mbinu hiyo hiyo, iliyoboreshwa na Anne Chao wa Taiwan tangu mwaka 1984, ndiyo EstimateS na vegan huitumia leo kukisia spishi ambazo mpiga mbizi hakuziona.

Nani kati yetu amewahi kuuliza Muyaka bin Haji alijua maneno mangapi ambayo hayakuingia katika mashairi yaliyotufikia? Au kama msamiati wa Shaaban Robert katika nathari ni wa kikapu cha kwanza au cha pili? Zana zipo, nyingi ni za bure, na zimekuwa zikitungoja kwenye chumba cha tarakilishi cha idara jirani. Sisi tumeutumia wino mwingi kubishana kama mashine yenyewe iitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi. Mimi ni wa tarakilishi, kama unavyoona, lakini nakiri kuwa mjadala huo haujatufanya tuiwashe.

Hapo nahisi mwanaisimu ameinua mkono, na ana haki. Kiingereza kina tabia ya kuacha nafasi kati ya neno na neno, hivyo programu huhesabu bila taabu. Ukiipa maneno haya, alimwona, tulimwona, hawakumwona, itakuambia umeona spishi tatu. Mwanafunzi wa mofolojia wa mwaka wa kwanza atakuambia ni mzizi mmoja umevalishwa nguo tatu. Ukiiacha programu ijiamulie, Kiswahili kitaonekana kuwa na msamiati wa kutisha, na sifa hiyo itakuwa ya uongo. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kujenga mfumo wake wa SALAMA, unaokichambua kitenzi cha Kiswahili hadi mzizi kabla ya kuhesabu chochote. Lazima kwanza mtu aamue nini ni kimoja na nini ni viwili. Uamuzi huo hautolewi na mashine.

Sasa turudi baharini, kwa kuwa huko uamuzi huo huo ndio unaonisumbua zaidi.

Mtafiti anayepiga mbizi huandika jina la Kilatini, naye amefunzwa. Lakini sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu samaki wanaovuliwa hutoka kwenye bandari ndogo za wavuvi, ambako samaki hupimwa na kuandikwa wanapotoka mashuani, na huko jina la kwanza kutamkwa ni la Kiswahili. Mvuvi husema changu. Changu ni jina la jumla la samaki wa jamii ya Lethrinus, ambayo katika pwani yetu ina spishi kadhaa. Mvuvi mwenyewe anajua hivyo, na mara nyingi huongeza neno la pili: changu doa, kwa mfano, ni yule mwenye doa jeusi ubavuni. Karani mwenye haraka akiandika changu tu, lile neno la pili limekufa, na pamoja nalo imekufa tofauti ambayo mvuvi alikwisha kuifanya kwa jicho lake na ulimi wake.

Rudi kwenye kikapu chetu cha kwanza, kile cha 1.61. Tuseme kati ya spishi zake tano, tatu ni za changu, na zote tatu zimeandikwa kwa jina moja. Sasa kikapu kina safu tatu badala ya tano, moja ya samaki 60 na mbili za ishirini ishirini. Kipimo kinashuka hadi 0.95. Hakuna samaki aliyekufa. Aliyekufa ni kivumishi.

Kosa la kinyume nalo lipo. Samaki wa jamii ya Siganus ambaye wavuvi wa Kenya humwita tafi, mwenzetu wa Unguja humwita tasi. Ukiunganisha majedwali ya pande mbili bila mtu wa kuyasoma, programu itampa safu mbili, na uanuwai utapanda kwa sababu ya f na s. Pono nao hubadilika rangi wakikua, na wengi wao hubadilika hata jinsia, kiasi kwamba wanasayansi wenyewe zamani waliwapa dume na jike wa spishi moja majina mawili ya Kilatini. Sisemi basi kwamba mvuvi hukosea na msomi hupatia. Nasema kila jina ni uamuzi, na uamuzi mbaya huingia katika jedwali ukiwa umevaa sura ya tarakimu, na tarakimu watu huziamini.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito? Kwa kuwa kuna watu ambao riziki yao hutegemea jibu la programu hizi. Hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya, na ndani yake uvuvi umepigwa marufuku kabisa. Zimefuatwa na Kisite-Mpunguti, Kiunga na Mombasa, na upande wa Tanzania kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Hizo ni za serikali. Lakini katika karne hii wanavijiji wenyewe wameanza kufunga sehemu za bahari yao. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi waliunda chama chao mwaka 2003, na muda si mrefu wakatenga eneo ambalo hakuna anayetia nyavu. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Maeneo ya namna hiyo huitwa tengefu. Wanazuoni wa bahari wanaoandika kwa Kiingereza wamelichukua neno hilo lilivyo, tengefu, wakaliingiza katika makala zao. Sisi wenye kitenzi cha kutenga hatukuwapo neno lilipoondoka.

Mvuvi aliyeacha kuvua mahali alipovua babu yake anangoja kuambiwa kama kujinyima kwake kumezaa. Jibu atakalopewa ni namba iliyotoka kwenye jedwali. Ikiwa ndani yake spishi tatu zimeandikwa changu, huenda ataambiwa eneo halijabadilika, ilhali macho yake yanamwambia aina mbili zilizokuwa zimepotea zimerejea. Atamwamini nani? Na mwaka ujao, akiambiwa avumilie tena, atavumilia?

Mtu wa Kericho hana haja ya kwenda Kilifi kuona hasara ya jina la jumla. Aende sokoni. Omena tunaowala hapa, wanaoletwa kutoka ziwani, Mtanzania huwaita dagaa, na jina lao la Kilatini ni Rastrineobola argentea. Lakini dagaa wa Kigoma, kutoka Ziwa Tanganyika, ni spishi nyingine kabisa, na dagaa wa baharini ni wengine tena. Neno moja, maji matatu, spishi mbalimbali. Ikiwa ripoti ya kitaifa itasema tani kadhaa za dagaa, bila kusema wa wapi, imesema nini?

Kisa cha furu ni kizito zaidi. Furu, au fulu kwa Wajaluo, ni jina la jumla la samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ambao wanabiolojia wanakadiria walikuwa na spishi takriban 500, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Sangara, ambaye sisi Wakenya humwita mbuta, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kishindo. Pamoja naye maji yalizidi kuchafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani, na siwezi kujifanya kwamba Sondu na Mara hazikubeba sehemu yao kutoka milima yetu hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu miaka ya 1970, walishuhudia spishi zikitoweka kabla hata hazijapewa majina ya kisayansi. Inakadiriwa kuwa karibu 200 zilipotea, mojawapo ya hasara kubwa kabisa za wanyama wenye uti wa mgongo katika karne ya 20. Sasa tazama hasara hiyo kwa jicho la msamiati. Furu walikuwapo, furu wapo. Katika sensa ya maneno hakuna kilichopungua.

Mtu aliyetaka kujua zaidi angefungua kamusi. Nimefanya hivyo, na wewe jaribu: angalia majina kumi ya samaki katika kamusi yoyote ya Kiswahili iliyo karibu nawe, uhesabu mara ngapi utakuta fasili isemayo tu kwamba huyo ni aina ya samaki, pengine mwenye magamba. Tunawaheshimu walimu waliotutungia kamusi. Waliifanya kazi hiyo kwa kalamu na kadi, na mwaka 1990 TUKI ilithubutu hata kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo, fasili ya aina hiyo inafanya kosa lile lile la karani wa bandarini, tena kwa wino usiofutika. Jina likishapoteza maana yake maalumu katika kamusi, halina tena la kumpa mtu wa programu.

Nimewasikia wanaopinga. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba Carl Linnaeus alituondolea taabu hii zamani katika karne ya 18: jina la Kilatini lipo ili lugha za watu zisichanganye mambo. Ni kweli, mezani. Lakini Kilatini hakiogelei wala hakitoki majini. Kati ya mvuvi wa Vanga na safu ya jedwali lazima awepo daraja, orodha inayosema jina hili, kwa lahaja hii, mahali hapa, ni spishi ile. Orodha kama hiyo ni kazi ya leksikografia na elimu ya lahaja, na sisi tunasomea yote mawili. Mwanabiolojia akiifanya peke yake ataandika changu kwa herufi anazozisikia, atachanganya Kivumba na Kiamu, naye hatakuwa na kosa, kwa kuwa hakufundishwa.

Pingamizi jingine hutoka kwetu milimani: sisi Wakipsigis Kiswahili tumekisoma darasani, majina ya samaki yanatuhusu nini, na mbona tusishughulikie miti yetu? Nakubali sehemu ya pili bila masharti. Tebeswet ni Croton macrostachyus, tarakwet ni mwerezi wa Kiafrika, na kwa kila jina ninalolijua bibi yangu alijua matano. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile inaitaka Dola ikuze lugha za kienyeji, haikusema tuchague. Yeyote anayepima Msitu wa Mau kwa vegan au kwa programu nyingine yoyote atahitaji mzee wa kumwambia mti huu si ule, na mzee huyo atasema kwa Kipsigis, na atahitajika mtu wa kulipokea neno bila kulivunja. Tukijifunza kazi hii kwa tafi na changu, tutaiweza kwa simotwet.

Kwa hiyo napendekeza jambo ambalo halihitaji kamati. Chama chetu kina wanachama kutoka Lamu hadi Busia. Kila likizo tunarudi nyumbani. Mwanachama achukue picha za samaki au miti kumi zilizokwisha kutambuliwa na wenye fani, akae na mvuvi au mzee, aulize: huyu anaitwaje? Asiulize changu ni yupi, kwa maana ukitanguliza neno, mtu hukupa adabu badala ya elimu. Aandike jina lote, na lile neno la pili asiliache, pamoja na mahali, lahaja, na umri wa msemaji. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi wanafundisha sayansi za bahari na Kiswahili katika uwanja mmoja, tuwaandikie. Hifadhidata ya FishBase tayari ina nafasi ya majina ya Kiswahili, na iNaturalist humruhusu mtumiaji yeyote kuongeza jina la lugha yake. Milango i wazi. Nitakuwa mkweli zaidi: tasnifu ngapi zimekwisha kuandikwa juu ya taswira ya mwanamke katika riwaya zile zile nne? Sizidharau, nami nilikuwa karibu kuandika ya tano.

Mwezi uliopita nilianza na nilichoweza. Nilikaa asubuhi nzima kando ya mama mmoja mchuuzi wa omena katika soko la Kericho. Alikuwa akizungumza na wateja huku vidole vyake vikipepeta fungu, na kila baada ya muda alichomoa kisamaki kimoja kikavu, kipana kidogo kuliko wenzake, akakitupa pembeni kwenye gazeti.

“Mbona unawatoa hawa, mama?”

“Hao si omena, mwanangu. Hao ni fulu.”

“Fulu wa aina gani?”

Alinitazama kwa huruma ambayo watu wa sokoni huwawekea wanafunzi. “Fulu ni fulu.” Kisha akaokota wawili, akawageuza kwenye mwanga. “Ingawa huyu na huyu si ndugu. Tazama mdomo.”

Nilitazama mdomo. Kweli, mmoja ulielekea juu na wa pili ulikuwa butu kama wa chura. Nilimuuliza kama kuna jina la kutofautisha, akasema mama yake, aliyekuwa muuza samaki karibu na Sondu, alikuwa nayo, lakini yeye hakuyashika. Aliniruhusu nichukue sita. Wamo ndani ya bahasha ya kaki kwenye dirisha la chumba changu, nao wananuka. Kama yuko msomaji wa idara ya zoolojia anayeweza kuwatambua, naomba anitafute kabla mwenzangu wa chumbani hajawatupa.